Kabla ya Kumsifu Kocha, Muulizeni Mchezaji wa Benchi

Tumechoka na hili neno: "Kocha ni matokeo." Limeingia kwenye magrupu yetu ya simu, limeingia kwenye vibanda vya kuonyesha mpira hapa Nakivale, limefika mpaka kwa wazazi wetu. Kocha akishinda ni mzuri. Akipoteza, afukuzwe. Ukiuliza vijana walio chini yake wanaishi vipi, unaambiwa wewe hujui mpira, nenda kacheze karata.

Sisi tunasema hapana. Na leo hatuongei juu ya Arsenal wala TP Mazembe. Tunaongea juu ya makocha wa vyuo vikuu vya Marekani, wale wa futiboli ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Msicheke kwanza. Kuna sababu mbili.

Sababu ya kwanza, ndugu zetu wengi walihamishiwa Marekani kabla ile programu ya kupokea wakimbizi haijasimamishwa Januari 2025. Watoto walioondoka hapa wadogo sasa wako sekondari huko, na wenye mwili na mbio wanaitwa kwenye timu. Kijana akifanya vizuri, kocha wa chuo anaweza kuja kukaa mpaka sebuleni kwa mama yake, anaongea juu ya ufadhili wa masomo. Mama wa watu ametoka Fizi, ametoka Rutana, Kiingereza bado kinamsumbua. Atamjuaje huyu mgeni? Watu wanamwambia kitu kimoja tu: "Huyo anashinda sana." Na sisi tulio huku tukipigiwa simu kuulizwa, tunajibu hivyo hivyo kwa sababu tumegoogle tukaona makombe.

Sababu ya pili ni nyie wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma. Tutawafikia, subirini kidogo.

Kwanza tuelewane huyu kocha ni nani. Katika majimbo mengi ya Marekani, mfanyakazi wa serikali anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala si daktari wa hospitali. Ni kocha wa timu ya chuo kikuu cha umma. Novemba 2023 chuo cha Texas A&M kilimfukuza kocha Jimbo Fisher. Rekodi yake hapo ilikuwa kushinda mechi 45 na kupoteza 25. Hiyo si rekodi ya mtu asiyejua kazi, lakini ilionekana haitoshi. Kwa mujibu wa mkataba, kumwondoa tu kulikigharimu chuo zaidi ya dola milioni 76. Somo hapo ni rahisi: ukitaka kujua watu wanathamini nini, angalia wako tayari kulipa pesa ngapi ili wakiondoe au wakipate.

Sasa mchezaji. Toka 1973 mpaka 2012, sheria za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, zilisema ufadhili wa mchezaji ni wa mwaka mmoja mmoja. Ukiisha mwaka, kocha anaweza kutokupendekeza tena. Mpaka Julai 2021 mchezaji hakuruhusiwa hata kupata pesa kwa kutumia jina lake mwenyewe. Siku hizi mambo yamelegea, kuna pesa, kuna ruhusa ya kuhama chuo. Lakini yule kijana wa benchi, asiye na jina, bado kocha ndiye anayeshika ndoto yake mkononi. Nani anacheza, nani anakaa, nani anaambiwa mwakani tafuta pengine. Na wanaofika kwenye ligi ya kulipwa, kwa hesabu za NCAA yenyewe, ni chini ya 2 kati ya kila wachezaji 100. Wale 98 wengine watatoka chuoni na vitu viwili tu: cheti na mwili wao. Kama cheti hakina maana na goti limeharibika, kombe la kocha litawalisha?

Tuanzie Maryland, maana hapo ndipo neno "matokeo" lilipotushinda kulimeza.

Tarehe 29 Mei 2018, timu ya Chuo Kikuu cha Maryland ilikuwa mazoezini. Jordan McNair, kijana wa miaka 19, mchezaji wa safu ya mbele, alikuwa akikimbia mbio za kurudia pamoja na wenzake. Akaanza kushindwa. Ilikuwa kiharusi cha joto. Dawa yake inajulikana, na si ya gharama: mzamishe mtu kwenye maji ya barafu haraka, halafu mpeleke hospitali. Uchunguzi ulioagizwa na chuo ulikuta kwamba hakuzamishwa kwenye maji baridi, na kwamba zaidi ya saa moja ilipita toka dalili zilipoonekana mpaka simu ya dharura ilipopigwa. Jordan alifariki tarehe 13 Juni.

Msidhani tunamsimulia huyu kijana ili tulie. Tunamsimulia kwa sababu ya kilichofuata. Iliundwa tume ya kuchunguza utamaduni wa timu. Mwezi Oktoba ikasema matatizo yalikuwa yanaoza ndani kwa sababu wachezaji wengi waliogopa kusema. Soma tena hapo. Waliogopa kusema. Hawa ni vijana wenye nguvu, mtu mmoja anabeba kilo 140, lakini midomo ilifungwa. Tarehe 30 Oktoba bodi ikapendekeza kocha mkuu, DJ Durkin, arudi kazini. Watu wakapiga kelele, kuanzia wachezaji mpaka wanasiasa, na kesho yake rais wa chuo akamfukuza. Ilihitaji kifo, tume, magazeti na kelele za watu ili chuo kisikie kitu ambacho mchezaji yeyote wa benchi angekuambia kwa dakika 5, kama angekuwa na mahali pa kusemea bila kuogopa.

Hapo ndipo tunapata hoja yetu, na tunaisema wazi: kocha apimwe kwa hali ya yule mtu aliye chini yake ambaye hana uwezo wa kumfukuza. Rais wa chuo anaweza kumfukuza. Matajiri wanaochangia wanaweza kumfukuza. Mashabiki wakizomea miezi 2 wanaweza kumfukuza. Hao wote watapendezeshwa tu, kwani kocha anajua mkate wake unatoka wapi. Mchezaji wa akiba mwenye goti bovu hawezi. Basi muulizeni yeye.

Tunajua jibu la upande wa pili, tumebishana nalo sana. Wanasema: "Kocha ameajiriwa ashinde. Fundi cherehani hupimwi kwa upole, unapimwa kwa nguo." Sawa. Hatukatai. Kocha asiyejua kazi anawapotezea vijana muda, na timu inayopoteza kila wiki inavunja moyo wa mtoto. Kushinda ni sehemu ya kazi. Ila angalieni vitu viwili.

Kwanza, kushinda kunanunulika. Chuo chenye uwanja wa watu 100,000 na mikataba ya televisheni kinachagua wachezaji kabla wengine hawajaamka. Ukisema kocha wake ni bora kuliko wa chuo maskini kwa sababu ameshinda 11, ni kama kusema dereva wa Land Cruiser ni hodari kuliko wa boda kwa sababu alifika Mbarara mapema.

Pili, na hili ndilo baya zaidi: ushindi ni kifuniko. Haukosi tu kutuonyesha ubaya, unaufunika. Timu ikipoteza, kila mtu anachungulia ndani, anauliza nini kimeharibika. Timu ikishinda, anayelalamika anaonekana msaliti. "Unataka kutuharibia?" Hayo maneno tunayajua, si huko Marekani tu.

Kuna wengine watasema: haya, tuache ushindi, tupime tabia. Tutafute kocha mwenye sifa njema. Hao nao tunawaambia polepole. Someni habari ya Penn State.

Joe Paterno alikuwa kocha mkuu hapo toka 1966 mpaka 2011. Alishinda mechi 409, wengi kuliko yeye hawapo katika daraja la juu. Na hakusifiwa kwa ushindi tu. Alisifiwa kama mwalimu. Alisisitiza wachezaji wasome, yeye na mke wake walichangia mamilioni ya dola kwa chuo, mpaka maktaba ina jina lao. Kama kungekuwa na shindano la kocha anayepimwa kwa zaidi ya makombe, yeye ndiye angepewa.

Ndani ya nyumba hiyo hiyo alikuwepo Jerry Sandusky, aliyekuwa msaidizi wake mpaka 1999. Sandusky alianzisha shirika la kusaidia watoto kutoka familia zenye shida, The Second Mile, mwaka 1977. Wafanyakazi wa mashirika, hapo simameni kidogo. Kupitia huo huo msaada, alipata watoto wa kuwadhulumu kingono. Mwaka 2001 msaidizi mmoja wa timu alimwona bafuni na mtoto wa kiume, akaenda kumwambia Paterno. Paterno akapeleka habari kwa wakubwa wake, basi. Polisi hawakuitwa. Sandusky alikamatwa Novemba 2011, miaka 10 baadaye. Juni 2012 alipatikana na hatia katika mashtaka 45. Viongozi watatu wa chuo nao walihukumiwa baadaye kwa kuhatarisha watoto.

Siku Paterno alipofukuzwa, Novemba 2011, wanafunzi kwa maelfu waliingia barabarani, wakapindua gari la televisheni. Walikuwa wanamlilia kocha. Halafu ikaja vita ya namba: mwaka 2012 NCAA ikakitoza chuo faini ya dola milioni 60 na kufuta ushindi wa toka 1998. Mwaka 2015 ushindi ukarudishwa, na 409 ikawa 409 tena. Miaka 3 watu wazima wanagombania hesabu za mechi! Hakuna aliyeweza kuwarudishia wale watoto kitu chochote.

Ndiyo maana hatusemi tu "tupime tabia". Tabia njema inayoonekana kwa wakubwa ni kama jezi ya ugenini, mtu anaivaa akiwa safarini. Swali linabaki lile lile: yule mdogo kuliko wote, aliyekuwa bafuni, aliweza kwenda kwa nani?

Halafu wapo wataalamu wa namba, wanasema tuhesabu wahitimu. Hesabu yenyewe ni nzuri, lakini nayo inadanganywa. Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kilikuwa na masomo hewa kwa miaka 18, toka 1993 mpaka 2011. Mwanafunzi hahudhurii darasa, hamwoni mwalimu, anaandika insha moja, na karani wa ofisi anatoa alama za juu. Ripoti ya mwaka 2014 ilisema wanafunzi zaidi ya 3,100 walipita humo, karibu nusu yao wanamichezo, na wa futiboli wakiwemo. Kwenye karatasi, vijana wamefaulu. Kichwani, wamerudishwa nyumbani kama walivyokuja. Wazazi wao waliambiwa mtoto anasoma.

Kwa hiyo kila namba mtakayoiweka, mtu mjanja ataipakia rangi. Dawa ni kumfikia mtu mwenyewe na kumsikiliza mahali ambapo kocha hayupo.

Je, kuna kocha anayepita kipimo hiki? Wapo. Chukueni Eddie Robinson wa Grambling, chuo cha watu weusi huko Louisiana. Alianza 1941, wakati vyuo vikubwa vya Kusini havikuruhusu kijana mweusi hata kukaa darasani. Chuo hakikuwa na pesa. Alikata majani ya uwanja mwenyewe, alifunga bandeji miguu ya wachezaji mwenyewe, aliandika habari za mechi na kuzipeleka magazetini kwa kuwa hakuna mwandishi aliyekuja. Asubuhi alipita mabwenini na kengele akiwaamsha wachezaji waende darasani. Darasani, si mazoezini. Alishinda mechi 408, na zaidi ya wachezaji wake 200 walifika kwenye soka ya kulipwa ya huko. Mmoja wao, Doug Williams, Januari 1988 alikuwa mweusi wa kwanza kuanza mechi na kushinda Super Bowl akiwa katika nafasi ya kuongoza mashambulizi.

Lakini misimu yake 3 ya mwisho, mpaka 1997, timu ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Kwa sheria ya "kocha ni matokeo", huyo mzee alikuwa amekwisha kuwa kocha mbaya. Kijana aliyeamshwa na ile kengele mwaka 1996 alipata kidogo kuliko aliyeamshwa mwaka 1956? Tujibuni.

Sasa tunarudi nyumbani.

Wafanyakazi wa mashirika, tunawaheshimu. Mipira mnayoleta tunaicheza, viwanja mlivyosawazisha tunavitumia, asanteni. Ila ripoti zenu zina ugonjwa ule ule. Idadi ya vijana walioshiriki. Idadi ya mashindano. Picha ya kombe, kocha katikati anacheka. Tulikuwa kwenye mradi mmoja wa michezo, jina tunaliacha. Fomu ilisema wasichana 20. Msichana mmoja akaacha kuja. Akaingizwa mwingine, fomu ikaendelea kusoma 20. Hakuna aliyekwenda kwa yule wa kwanza kumuuliza: dada, ni nini kimetokea? Labda ni kazi za nyumbani. Labda ni kitu kingine. Mpaka leo hatujui, na timu ilichukua kombe. Sanduku la maoni lilikuwepo, ndiyo. Lilitundikwa kwenye mlango wa ofisi anayokaa kocha.

Msituambie hiyo ni kasoro ndogo. Maryland ilianza hivyo. Penn State ilianza hivyo. Mahali popote ambapo mtu mmoja anashika nafasi, jezi, nauli na barua ya mapendekezo, na aliye chini yake hana pa kwenda, hatari ipo. Na nani hana pa kwenda kuliko mkimbizi? Mchezaji wa Marekani leo anaweza kuhama chuo. Sisi tunahamia wapi?

Basi tunadai haya.

Wazazi na ndugu mlio Marekani: kocha akikaa sebuleni kwenu, mpeni chai, msikilizeni, halafu muulizeni. Mchezaji akisema anaumwa, nani anaamua, daktari au wewe? Kijana akiumia asicheze tena, masomo yake yanaendelea kulipiwa, na hilo limeandikwa wapi? Mtoto wangu atachagua kozi mwenyewe? Akiwa na malalamiko, anapeleka kwa nani asiye chini yako? Mwisho, mwombeni namba za wachezaji wawili: mmoja anayekaa benchi na mmoja aliyeondoka. Akitoa namba za nyota peke yake, mmeshajibiwa. Kama Kiingereza ni kizito, mtupigie, tuko wengi wa kutafsiri.

Mashirika: mwanamichezo akiacha kuja, mtu afike kwake ndani ya wiki, na asiwe kocha. Sanduku la maoni litoke kwenye mlango wa kocha. Kila timu iwe na mtu wa afya au angalau mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza, mwenye mamlaka ya kusimamisha mazoezi bila kuomba ruhusa. Na ukurasa wa kwanza wa ripoti uanze na walioondoka na sababu zao, kabla ya picha ya kombe.

Makocha wetu wa hapa, wengi wenu hamlipwi, mnatoka shambani mnakuja uwanjani na njaa: hatuwashambulii. Kipimo hiki ni chenu pia, kitawalinda. Mwaka ambao timu itashika mkia, nyie mtakuwa na la kuonyesha. Mtaonyesha mtoto aliyekuwa anaogopa kuongea ambaye sasa anawabishia mbele ya wenzake, na bado yuko kwenye timu.

Na nyie wenzetu wa kwenye vibanda, mkisikia tena mtu anasema kocha ni matokeo, msigombane naye. Mwombeni tu awatajie jina la mchezaji mmoja wa benchi wa hiyo timu anayoisifu.